Utii wa Mchanga

Chipu ya Intel 8748, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1976, ilikuwa na dirisha. Katikati ya mgongo wake wa kauri, wenye miguu 40, ishirini kila upande, paliwekwa kioo cha duara kilichotengenezwa kwa kwatsi. Ukiielekeza kwenye mwanga, unaona mpaka ndani. Unaona kibamba cha silikoni kisichofikia upana wa ukucha, kimejaa mistari na vyumba vya pembe nne, kinameta zambarau na kijani kadiri unavyokigeuza. Kingoni mwake zimetoka nyuzi za metali nyembamba kuliko unywele, zimekwenda kushikana na miguu. Humo ndani hakuna kinachozunguka, hakuna gurudumu wala springi. Niliiona moja mezani kwa fundi wa redio, imetolewa kwenye mashine iliyokufa, na nikajikuta nimesahau kilichonipeleka pale.

Dirisha lile lilikuwa na kazi. Maagizo ya programu yalihifadhiwa kwenye chipu kwa kufungia elektroni ndani ya visehemu vidogo mno, na yakihitaji kubadilishwa, chipu iliwekwa chini ya taa ya miale ya urujuanimno kwa dakika kadhaa. Kioo cha kawaida huizuia miale hiyo, kwatsi huipitisha. Elektroni zikapata nguvu ya kutoka, kumbukumbu ikawa tupu, chipu ikawa tayari kufundishwa upya. Ndiyo maana mafundi walibandika karatasi juu ya dirisha, maana hata jua la mchana, likipewa muda, lingeweza kufuta kilichoandikwa.

Chipu ya namna hiyo huitwa mikrokontrola. Ni kompyuta iliyokamilika ndani ya kibamba kimoja. Kichakataji kimo, kumbukumbu ya kutunza programu hata umeme ukikatika imo, kumbukumbu ndogo ya kufanyia hesabu imo, saa za kupimia muda zimo, na miguu ya nje ndiyo milango ya kupokea habari na kutoa amri. Haina skrini, na mara nyingi mwenye nyumba hajui kama anayo. Imo kwenye rimoti ya televisheni, mashine ya kufulia, kipimajoto cha zahanati, mashine ya kupimia shinikizo la damu, taa ya sola, ufunguo wa gari. Gari moja la kisasa lina makumi ya chipu hizi, na kila moja ina jukumu lake: hii ni ya breki, hii ya madirisha, hii ya mfuko wa hewa. Kazi yenyewe ukiielezwa unaweza kuidharau. Chipu inasoma hali ya mlango mmoja, inalinganisha na ilichoagizwa, inaamua, inatoa amri, inarudi mwanzo. Inaurudia mzunguko huo maelfu ya mara kwa sekunde, usiku na mchana, kwa miaka.

Watu wengi wakitazama kifaa hiki husifu akili ya binadamu, na mimi nami naisifu. Lakini kadiri nilivyojifunza kimetengenezwa na nini, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sifa hiyo inaishia njiani. Binadamu alipanga mistari. Tabia ya kile kinachobeba mistari hiyo hakuiweka yeye. Aliikuta imeshawekwa, tangu kabla hajakuwapo mtu wa kuiuliza.

Tuanze na mchanga wenyewe. Silikoni ni karibu asilimia 28 ya uzito wa ganda la dunia, na ni oksijeni peke yake inayoizidi. Zikiungana, silikoni na oksijeni hutoa kwatsi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa mito na wa majangwa. (Mchanga mweupe wa fukwe zetu za Zanzibar una asili nyingine, umetokana zaidi na matumbawe.) Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi aliitenga silikoni na oksijeni yake mwaka 1824, na kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye hakuna aliyejua kilichofichwa humo.

Kilichofichwa ni hiki. Atomu ya silikoni ina elektroni 4 kwenye tabaka lake la nje, na kila moja hufungamana na elektroni ya atomu jirani. Kwa hiyo silikoni safi haipitishi umeme kama shaba, wala haiukatai kabisa kama kioo. Imesimama katikati, inasubiri. Tia ndani yake atomu chache za fosforasi, yenye elektroni 5 za nje, na elektroni moja itakosa mwenzi na kuwa huru kutembea. Tia boroni, yenye 3, na patabaki pengo, nalo pengo hutembea. Mahali eneo la fosforasi linapopakana na eneo la boroni, umeme hukubali kupita upande mmoja na kugoma upande wa pili. Kutokana na kukubali na kugoma huko binadamu alijenga ndiyo na hapana, 1 na 0, na juu yake kila hesabu ya kila kompyuta.

Ili tabia hiyo ijitokeze, silikoni lazima iwe safi kwa kiwango ambacho lugha ya kawaida inashindwa kukibeba. Chukua lori la tani 25 lililojaa mchele. Punje zake ni kama bilioni moja. Katika shehena yote hiyo inaruhusiwa chuya moja. Huo ndio usafi unaotakiwa kabla fosforasi au boroni haijatiwa kwa kipimo.

Kisha linakuja jambo ambalo naona ni la ajabu kuliko usafi wenyewe. Silikoni huyeyushwa kwenye joto la nyuzi 1,414 za Selsiasi, halafu kipande kidogo cha silikoni iliyoganda, kinachoitwa mbegu, hugusishwa juu ya uji huo na kuvutwa polepole kwenda juu huku kikizungushwa. Uji unaganda chini ya mbegu, na kila atomu inayoganda inakaa sawasawa na mpangilio wa mbegu, safu kwa safu, mpaka linatokea pande zito lenye upana wa sentimita 30 na urefu unaoweza kupita kimo cha mtu, ambalo ni fuwele moja isiyo na mshono. Njia hiyo ina jina la Jan Czochralski, mzaliwa wa Poland, aliyeigundua mwaka 1916. Inasimuliwa kwamba alichovya kalamu kwenye bati lililoyeyuka badala ya wino, na alipoivuta ukatoka uzi wa fuwele. Hakuna mashine duniani inayoweza kuzishika atomu za pande lile na kuzipanga moja moja. Zinajipanga. Kiwanda kazi yake ni kutunza joto, kuvuta bila haraka, na kutoziharibia.

Na bado silikoni isingetosha kama si ngozi yake. Transista (kidude cha kuongoza umeme) ya kwanza, iliyotengenezwa na John Bardeen na Walter Brattain kwenye maabara za Bell huko Marekani mwezi Desemba 1947, ilikuwa ya dutu iitwayo gerimani. Gerimani ilionekana ndiyo yenye heri, kwani ni rahisi zaidi kuisafisha. Lakini oksidi inayojitandaza juu yake huyeyuka kwenye maji, hivyo haiwezi kuilinda. Silikoni ikipashwa moto mbele ya oksijeni au mvuke, huota juu yake utando mwembamba wa kioo, mgumu, usiopitisha umeme, ulioshikamana nayo barabara. Mwaka 1955, katika maabara zilezile, Carl Frosch na Lincoln Derick waliuona utando huo kwa bahati tu wakati wa kazi ya tanuri, wakatambua kwamba unalinda kilicho chini yake. Miaka michache baadaye Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said nchini Misri, pamoja na Dawon Kahng kutoka Korea, waliutumia utando huo kujenga transista ya aina mpya, ambayo lango lake limekaa juu ya kioo na kuamrisha umeme ulio chini bila kuugusa. Transista zinazojaa ndani ya mikrokontrola za leo ni za ukoo huo.

Hapa mimi husimama muda mrefu. Dutu iliyokuwa na tabia ya kukubali na kugoma, ikawa pia ndiyo yenye kujivika ngozi iliyohitajika, na ngozi hiyo ikawa inapatikana kwa hewa tunayoivuta na joto. Kisha dutu hiyohiyo ikawa miongoni mwa vitu vilivyo vingi kuliko vyote chini ya nyayo zetu. Sioni namna ya kulitaja hilo bila kumtaja Aliyepanga.

Kuna na mapigo. Mikrokontrola haiwezi kufanya lolote bila kipigo cha kuiongoza hatua kwa hatua, na mara nyingi kipigo hicho hutoka kwenye kipande cha kwatsi, yaani mchanga uleule kwa sura nyingine. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba kwatsi ikibanwa hutoa umeme, na baadaye ikathibitika kwamba ikipewa umeme hujikunja. Ukiikata kwa umbo na unene maalumu, itatetemeka kwa kasi moja isiyoyumba. Kwatsi ya saa ya mkononi hukatwa ili itetemeke mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo imechaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili, kisha mbili tena, mara 15, unabaki na moja: sekunde moja. Saa ya namna hiyo inayokosea sekunde nusu kwa siku huhesabiwa kuwa ya kawaida, nayo katika siku hiyo jiwe limetetemeka zaidi ya mara bilioni 2.8. Tazama basi ile 8748: kibamba ni silikoni, ngozi yake ni oksidi ya silikoni, dirisha lake ni kwatsi, na kipande kinachoipigia hatua kwa kawaida ni kwatsi. Mchanga umeutazama mchanga, umeuvika mchanga, na umeupa mapigo.

Kutokana na udongo huo mmoja zimetoka koo nyingi. Wa kwanza kuweka kompyuta nzima kwenye kibamba kimoja walikuwa Gary Boone na Michael Cochran wa kampuni ya Texas Instruments, mwaka 1971, kwa ajili ya kikokotoo. Kutoka kazi yao ulizaliwa ukoo wa TMS1000, ulioanza kuuzwa mwaka 1974, wenye kufikiri biti 4, yaani tarakimu nne za 1 na 0, kwa wakati. Ulifaa vikokotoo, majiko na vitu vya kuchezea watoto.

Intel walifuata na 8048, ndugu wa ile yenye dirisha, ambayo iliingia ndani ya kibodi ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Lakini mwana wao mkubwa ni 8051, wa mwaka 1980. Ilikuwa na kilobaiti 4 za programu na baiti 128 za kufanyia kazi, nafasi ya herufi 128 tu. Katika ubao mdogo kiasi hicho waandishi wa programu walijifunza nidhamu ambayo wenzao wa leo, wenye kumbukumbu ya kumwaga, ni nadra kuijua. Intel iliwapa wengine ruhusa ya kuitengeneza, na watengenezaji wakawa wengi, Philips na Siemens wakiwamo. Hadi leo moyo wa 8051 unatiwa ndani ya chipu mpya, na wanafunzi wa uhandisi bado wanafundishwa kwa mfano wake.

Ukoo wa PIC una historia inayonigusa zaidi. Kampuni ya General Instrument ilikuwa na kichakataji chake cha biti 16, CP1600, ambacho kilikuwa hodari wa hesabu lakini mzito wa kushughulikia milango ya nje. Katikati ya miaka ya 1970 wakakitengenezea msaidizi mdogo wa kufanya kazi hizo za chini. Leo CP1600 inakumbukwa na wachache, hasa waliocheza michezo ya Intellivision. Msaidizi ndiye aliyebaki. Akahamia kwenye kampuni iliyojitenga, Microchip ya Arizona, akazaa matoleo mengi mno, na mwaka 1993 likatoka toleo la PIC16C84, ambalo programu yake ilifutwa kwa umeme tu. Dirisha na taa ya urujuanimno havikuhitajika tena. Mwanafunzi mwenye kompyuta na saketi ndogo ya kuandikia aliweza kukosea, kufuta na kuandika upya mezani kwake, na maagizo ya kujifunza yalikuwa 35 tu.

Ukoo wa AVR ulitoka kwa wanafunzi hasa. Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan waliuanza wakiwa masomoni Trondheim, Norwe, na kampuni ya Atmel ikauingiza sokoni katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Mwana wake anayejulikana kote ni ATmega328P, chipu nyeusi ya miguu 28 iliyokaa kwenye bodi ya Arduino Uno. Arduino yenyewe ilianza mwaka 2005 kwenye chuo cha usanifu cha Ivrea, Italia, kwa nia ya kuwawezesha wasio wahandisi kutengeneza vitu vyenye uhai wa umeme. Tena waliacha michoro ya bodi wazi kwa yeyote, na hilo nalihesabu kuwa ukarimu wa kweli. Mwaka 2016 Microchip iliinunua Atmel, na koo mbili zilizoshindana kwa miaka zikawa nyumba moja.

Motorola ilikuwa na 68HC11 iliyotumika sana kwenye magari ya Marekani. Wajapani walikuwa na koo zao, ambazo nyingi sasa zimekusanyika chini ya Renesas. Ila ukoo uliotanda kuliko zote ni ARM. Ulibuniwa Cambridge, Uingereza, kwenye kampuni ya Acorn, na Sophie Wilson aliyetunga maagizo yake pamoja na Steve Furber aliyechora umbo lake. Chipu ya kwanza iliwashwa tarehe 26 Aprili 1985, ikafanya kazi. Furber alipotaka kupima inakula umeme kiasi gani, kipimo kikaonyesha sifuri. Walipochunguza wakaona waya wa kuilisha umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliokuwa ukivuja kupitia miguu ya mawasiliano. Walikuwa wamelenga ulaji mdogo ili isihitaji kifuniko ghali cha kuhimili joto. Walichopewa kilizidi sana walichoomba, na zawadi hiyo ndiyo iliyokuja kuzibeba simu za mkononi. Mwaka 2004 ARM ilitoa Cortex-M, moyo mdogo uliokusudiwa mikrokontrola, na makampuni mengi yakaununua kama mchoro na kuujengea mwili: STM32 ya STMicroelectronics mwaka 2007, na RP2040 ya Raspberry Pi mwaka 2021, yenye mioyo miwili kwenye bodi iliyouzwa dola 4.

Kutoka Shanghai, kampuni ya Espressif ilileta ESP8266 mwaka 2014 na ESP32 mwaka 2016, chipu zenye waifai ndani yake, na kwa mara ya kwanza kifaa cha bei ya chakula cha mchana kikaweza kuongea na intaneti. Baadhi ya matoleo yake mapya yanatumia RISC-V, lugha ya maagizo iliyoanza Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 2010 na kuachwa bure kwa dunia nzima.

Ukitaka kuiona mikrokontrola ikiwa kazini karibu nawe, nenda kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme unaolipiwa kabla. Mita hiyo kwa kawaida haina mawasiliano na ofisi yoyote. Ina kichakataji kidogo, vitufe, na siri yake peke yake. Unaponunua umeme unapewa tarakimu 20, yaani tokeni. Ndani ya tarakimu hizo zimefumbwa kwa msimbo kiasi cha uniti, dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, na alama ya kukagua kama kuna kosa la kuandika. Ufunguo wa kufumbua ni wa mita yako tu, na ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako hata ukiibonyeza kwa makini namna gani. Ukiingiza tokeni uliyokwisha kuitumia, mita inaikataa, kwa sababu inakumbuka zile ilizokwisha kuzipokea.

Dakika ile ndiyo iliyoleta jambo la mwaka 2024. Kanuni ya mita hizi, iliyoanzia Afrika Kusini na kuenea nchi nyingi, iliitengea dakika nafasi ya biti 24. Biti 24 zinatosha kuhesabu hadi 16,777,215, na hesabu ilianza tarehe 1 Januari 1993. Nafasi hiyo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024, na baada ya hapo mita isingeweza kupokea tokeni mpya. Wateja wa Tanzania, Kenya na Uganda wanakumbuka kupewa namba za ziada, makundi mawili ya tarakimu 20 ya kuingiza kwanza, kisha ile ya umeme. Namba hizo ziliibadilishia mita ufunguo na kuipa mwanzo mpya wa kuhesabia, mwaka 2014, na kwa mwanzo huo itafika ukomo tena Novemba 2045. Mamilioni ya vichakataji vilivyokaa ukutani na kwenye nguzo kwa miaka vilisomewa tarakimu 40 na vidole vya akina mama, watoto, wazee na wapangaji, vikaelewa, vikaendelea. Hakukuwa na kudanganyana kati ya namba na jiwe. Moja ikizidishwa kwa mbili mara 24 ilikuwa ni ileile mwaka 1993, na ni ileile leo, Dodoma na Johannesburg. Hakuna bunge lililoipitisha, na hakuna awezaye kuitangua. Wanaodhani hesabu ni kitu kikavu wangesimama mbele ya mita na kulitafakari hilo.

Uaminifu wa chipu unaonekana hata inapolala. Mikrokontrola nyingi, hasa za ukoo wa MSP430 wa Texas Instruments, zimetengenezwa ili zilale muda mwingi na kuamka kwa nukta chache. Zikilala hutumia umeme usiofika sehemu moja ya milioni ya ampea. Betri bapa ya CR2032 ina takriban miliampea-saa 220. Kwa ulaji wa sehemu moja ya milioni ya ampea, hesabu yake ni saa 220,000, miaka 25, na betri yenyewe ingechoka kwa uzee kabla chipu haijaimaliza. Nyingi zina pia mlinzi wa ndani, saa ya pembeni ambayo programu inatakiwa kuirudisha nyuma kila baada ya muda mfupi. Programu ikikwama ikashindwa kufanya hivyo, mlinzi huizima na kuianzisha upya, bila mtu kujua.

Mahali mlinzi huyo anapohitajika kwa dhati ni ndani ya kifua cha mtu. Moyo wa binadamu hupiga karibu mara 100,000 kwa siku, na anayeuanzishia kila pigo ni kifundo kidogo cha seli kilicho kwenye chemba ya juu ya kulia, ambacho Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907. Kifundo hicho hakisubiri amri ya ubongo. Moyo huanza kupiga wiki ya tatu au ya nne baada ya mimba kutungwa, mishipa ya fahamu haijaufikia bado, wala mama pengine hajajua kuwa ana mtoto. Seli zake hutumia chumvi na maji kutoa mapigo, hujilisha, hujirekebisha, na huongeza kasi mtu anapopanda ngazi. Wahandisi wote wa koo zote nilizozitaja, wakikusanywa pamoja, hawajatengeneza kitu kama hicho.

Kifundo kikichoka, madaktari huweka pesimeka, kifaa cha kuuanzishia moyo mapigo. Ya kwanza kupandikizwa aliwekewa mgonjwa Arne Larsson, Stockholm, mwaka 1958. Ilikuwa na transista mbili, ikadumu saa chache, ikafuatiwa na nyingine nyingi, na yeye akaishi mpaka mwaka 2001. Leo upasuaji huo hufanyika Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ndani ya pesimeka ya sasa kuna kompyuta ndogo ya silikoni iliyo jamaa wa hizi tulizozieleza, na programu yake imejengwa juu ya heshima kwa kifundo cha asili. Waya uleule unaopeleka umeme ndio unaosikiliza. Daktari huweka muda wa kusubiri, mara nyingi wa sekunde moja, ambayo ni mapigo 60 kwa dakika. Moyo ukipiga wenyewe kabla muda huo haujaisha, chipu haitoi kitu. Inafuta hesabu na kuanza tena kutoka sifuri.